Kiti Kimoja, Shule Mbili

Shule mbili ndogo zikiunganishwa, karibu kila kitu kinaweza kujumlishwa. Watoto 90 wa huku na 120 wa kule ni watoto 210. Madawati yanapakiwa kwenye mkokoteni, yanavushwa kijito. Sufuria za uji, mipira, ramani za Afrika zilizochanika pembeni, hata ile rimu ya gari inayogongwa kuwa kengele: ukiwa nazo mbili hakuna atakayelalamika. Kitu kimoja tu ndicho kinachokataa hesabu hiyo, nacho ni kiti cha mwalimu mkuu. Walikuwa wakuu wawili, sasa anatakiwa mmoja. Mwingine atakuwa naibu wa mwenzake, ama atapewa barua ya uhamisho.

Hapo ndipo moto huwaka. Grupu ya WhatsApp ya kijiji, ambayo kwa kawaida ni ya matangazo ya matanga na michango ya hospitali, inageuka mahakama. Nani ana digrii na nani ana diploma. Nani alianza kazi lini. Nani ni wa ukoo gani, anasali wapi, ameoa wapi. Sisi tulio Nairobi tunayasoma hayo tukiwa kwenye matatu, tunatuma emoji ya kicheko na kusema watu wa ushago wanapenda siasa. Kisha tunashuka stejini na kuendelea na maisha.

Mimi naona ugomvi huo una akili kuliko tunavyodhani. Naona pia kwamba unapiganiwa mahali pasipofaa. Nitajaribu kueleza yote mawili, na nitaanzia Shinyalu, kwa sababu huko swali hili limekuwa likipikwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ukishuka Khayega, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, uko Isukha tayari. Karibu hapo ni Mukumu, walikofika wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill mwaka wa 1906. Wale wa Friends, tunaowaita Quaker, walikuwa wameanzia Kaimosi mwaka wa 1902, na baadaye wakajenga kituo Lirhanda, pia ndani ya Isukha. Kila dhehebu lililopanda kanisa lilipanda na shule, maana msomaji wa Biblia ni lazima kwanza awe msomaji. Baba aliyebatizwa huku hakumpeleka mtoto wake kule. Basi shule zikawa mbili mahali ambapo labda moja ingetosha. Baada ya uhuru ikaja harambee, na kila kijiji kikataka chake. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa ya bure, na mwaka huohuo hazina ya CDF ikaanzishwa. Mbunge akapata pesa za kujenga madarasa, na kwenye kampeni hakuna ahadi tamu kama "shule yenu wenyewe". Leo kuna sehemu za magharibi ambako unaweza kusimama kwenye lango la shule moja ukasikia kengele ya nyingine.

Kwa hiyo anayesema shule ziunganishwe si mchawi. Mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 90 inapata shilingi 127,800, tena kama pesa zote zimefika, na mkuu yeyote wa shule atakuambia maana ya hilo neno "kama". Kuna watu Kilimani wanaolipa zaidi ya hizo kwa kodi ya miezi miwili. Kwa pesa hizo shule inatakiwa kununua chaki, kulipa stima, kurekebisha choo na kufanya mitihani mwaka mzima. Na kwa vile walimu hugawiwa kwa kuangalia wingi wa watoto na madarasa, shule ndogo inaishi na walimu wachache, mmoja akifundisha gredi mbili kwa wakati mmoja, ubao umegawanywa kwa mstari katikati. Mtoto wa shule hiyo anaibiwa kitu, hata kama hakuna mwizi.

Hoja ya kuunganisha ni nzito, basi. Lakini angalia inavyofika kijijini. Inafika kama uamuzi uliokwisha kufanywa. Afisa anakuja na faili, kikao kinafanywa chini ya mti, watu wanapiga makofi kwa adabu. Hakuna aliyeulizwa kama shule ife. Kwenye kikao hicho kitu pekee ambacho bado hakijaamuliwa ni jina la mkuu. Sasa unategemea watu wapigane juu ya nini? Mtu ukimfungia milango yote ukamwachia dirisha, usimlaumu kwa kupita dirishani.

Tuchukue mfano wa kubuni, tusije tukamgusa mtu. Shule ya Mlimani ina watoto 90, ya Mtoni 120. Mkuu wa Mlimani ni mama aliyekaa pale miaka 11. Alipofika, madarasa yalikuwa ya udongo. Alizunguka kwa waliosoma pale, kwa kanisa, kwa ofisi ya mbunge, mpaka yakawa ya matofali. Watoto anawajua kwa majina, na wazazi wao pia, kwa sababu baadhi yao aliwafundisha. Ana diploma. Mkuu wa Mtoni ana digrii, gredi yake ya TSC iko juu, matokeo ya shule yake ni mazuri zaidi, na shule yake iko karibu na barabara, kwa hivyo hapo ndipo shule mpya itakuwa. Nani apewe?

Amartya Sen, mwanauchumi wa India, kwenye kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki, ana kisa cha watoto watatu wanaogombea filimbi moja. Mmoja ndiye pekee anayejua kuipiga. Wa pili ni maskini, hana kitu kingine cha kuchezea. Wa tatu ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Ukisikiliza hoja ya yeyote kati yao bila kuwasikia wenzake, unampa papo hapo. Ugumu unaanza ukiwasikiliza wote watatu, na Sen anasema wazi kwamba huenda kusiwe na jibu moja ambalo kila mtu mwenye akili timamu atalikubali.

Isukha hawahitaji kuazima filimbi. Wana isukuti, ngoma yao pamoja na Idakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Weka ngoma mahali pa filimbi uone. Mkuu wa Mtoni anasema: mimi ndiye ninayejua kupiga, vyeti hivi hapa. Mkuu wa Mlimani anasema: mimi ndiye niliyeichonga na kuiwamba. Na kijiji cha Mlimani, ambacho kimepoteza shule, kinasema: sisi hatujabaki na kitu, tuachieni angalau hiki. Zote tatu ni hoja za kweli. Sioni hata moja ya kuchekwa.

Lakini kisa cha filimbi kina pengo, na ukiwahi kusimama kwenye harusi au matanga ya Isukha utaliona. Filimbi ya yule mtoto ni ya kuchezea, ikilia isilie ni shauri lake. Isukuti hailii kwa ajili ya mpigaji. Kuna watu wanaoicheza, mabega yanatikisika, vumbi linatimka. Mpigaji akikosea mapigo, wao ndio wanaojikwaa. Ukigawa ngoma kwa kuwasikiliza wapigaji tu, umewasahau waliokuja kucheza, na hawa ndio sababu ya ngoma kuwepo.

Kiti cha mwalimu mkuu ni hivyohivyo. Si zawadi ya kumshukuru mtu kwa miaka 11 ya jasho, na wala si fidia ya kijiji kilichopokonywa shule. Digrii nayo haitoi haki ya kukikalia kama vile kiti kilikuwa deni la serikali kwa aliyesoma. Ni chombo cha watoto 210. Swali la haki ni moja: kati ya hawa, ni nani watoto watafaidika zaidi akiwa hapo, hasa katika ile miaka miwili ya kwanza ambapo watoto wa Mlimani watakuwa wakitaniwa kuwa wakimbizi? Mara nyingine jibu ni yule mwenye digrii. Mara nyingine ni huyu mama, kwa sababu shule mpya ambayo nusu ya watoto wake wamehuzunika inahitaji mtu aliyewahi kujenga shule kutoka kwa udongo, kuliko mtu aliyepokea shule inayotembea yenyewe. Cheti hakipimi hilo. Miaka ya kazi pia haipimi, ingawa inakaribia.

Ningependa kuishia hapo, ni pazuri na pasafi. Tatizo ni kwamba nimeona hoja hiyohiyo ikitumiwa kufanya uovu, na mfano mkubwa zaidi uko Marekani. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya huko iliamua katika kesi ya Brown kwamba kutenganisha shule za watoto weusi na weupe ni kinyume cha katiba. Ushindi mkubwa. Lakini shule zilipoanza kuunganishwa kusini mwa nchi, ile ya weusi ndiyo iliyofungwa karibu kila mahali, na walimu na wakuu weusi wakafutwa kazi au kushushwa vyeo. Makadirio yanayotajwa sana ni walimu na wasimamizi weusi wapatao 38,000 waliopoteza kazi katika majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Mtu aliyekuwa mkuu wa shule ya upili alijikuta naibu wa mzungu asiyekuwa na elimu kama yake. Na mara nyingi ofisi haikusema "ni kwa sababu wewe ni mweusi". Ilisema sifa, vyeti, mahitaji ya shule mpya.

Shinyalu si Alabama. Hakuna anayemchukia mwenzake kwa rangi, na tofauti kati ya Mlimani na Mtoni ni ya kijito na mlango wa kanisa. Hata hivyo mfano huo unafundisha jinsi ya kutofautisha kuunganisha na kumeza. Ukiangalia kiti kimoja peke yake huwezi kujua. Mkuu ametoka Mtoni, sawa, pengine ndiye aliyefaa. Lakini naibu naye ametoka Mtoni? Mwenyekiti wa bodi? Jina la shule limebaki la Mtoni, sare ni ya Mtoni, uwanja ni wa Mtoni, na siku ya Mlimani ya kuwakumbuka waanzilishi imefutwa kwenye kalenda? Basi hapo jameni tusidanganyane. Kila uamuzi, ukiutazama mmoja mmoja, ulikuwa na sababu nzuri, na sababu zote nzuri zimeangukia upande mmoja.

Na hapa ndipo ninaposema ugomvi unapiganiwa mahali pasipofaa. Kijiji cha Mlimani kinadai. Kinadai kweli. Ila deni hilo lisilipwe kwa kiti cha mkuu, kwa sababu hiyo ni sarafu ya watoto, si ya afisa wala ya kijiji kuitumia. Kuna sarafu nyingine, na watu wa ofisini wanazijua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatoa viti vya bodi: sita vya wazazi, vitatu vya mfadhili, na vingine vya makundi mengine. Kama Mlimani ilikuwa ya Wakatoliki na Mtoni ya Friends, viti vile vitatu vya mfadhili ni vya nani? Hilo ni swali la kugombaniwa kwa haki kabisa, na silioni likigombaniwa. Watu wanapiga kelele kuhusu dini ya mkuu, jambo ambalo sheria haikumpa mfadhili. Mfadhili alipewa uwakilishi kwenye bodi na kazi ya malezi ya kiroho, pamoja na wajibu wa kuheshimu watoto wa imani nyingine. Mwajiri wa walimu wa serikali ni TSC tangu miaka ya sitini. Lakini zoea la enzi ya misheni, kwamba mwalimu ni mtu wa kanisa kwanza, halijatutoka.

Halafu kuna ardhi. Uwanja wa Mlimani haukushuka kutoka mbinguni. Kwa kawaida kuna mzee aliyekata kipande cha shamba akakitoa, mahali ambapo leo ndugu wanagawana robo ekari. Wajukuu wake wanajua mpaka uko wapi. Shule ikifungwa, nyasi zikaanza kuota darasani, unawaambia nini? Jibu moja liko wazi kuliko tunavyolitumia: chini ya katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni kazi ya kaunti. Madarasa ya Mlimani yanaweza kubaki kuwa ya chekechea, kwa sababu hata ukiunganisha kila kitu, mtoto wa miaka minne hawezi kuvuka kijito mvua za Aprili zikianza. Kijiji kinabaki na kengele yake. Si kubwa, lakini si bure.

Najua kuna suluhisho la tatu ambalo ofisi hulipenda: usimpe huyu wala yule, leta mtu wa mbali. Asiye na ukoo hapa, asiye na kanisa hapa. Linaonekana la haki kwa sababu linawaumiza wote sawa. Tumelijaribu kwa upana. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha wakuu wa shule nje ya kaunti zao za nyumbani, ikisema inaleta utangamano wa kitaifa na kuvunja mazoea. Baba huku, mama kule, watoto kwa nyanya. Baada ya malalamiko ya miaka, wengi walianza kuruhusiwa kurudi karibu na kwao kuanzia 2023. Mimi sina shida na mgeni. Baadhi ya wakuu bora ni wageni. Shida yangu ni kumtumia mgeni kama kifuniko cha sufuria. Anafika akiwa hajui Mlimani wanalia nini, na kwa vile hakuna aliyemlipa mtu deni lolote, yeye ndiye anayefungiwa lango kwa kufuli na matawi ya miti.

Vita vya sekondari msingi vimetuonyesha jambo hilohilo kwa kiwango cha nchi nzima. Gredi ya 7 ilipowekwa kwenye shule za msingi mwaka 2023, na jopo la Profesa Raphael Munavu likapendekeza taasisi moja chini ya mkuu mmoja, walimu wa JSS, wengi wao wenye digrii, walijikuta chini ya wakuu wa shule za msingi. KUPPET ikataka wajitawale. KNUT ikawatetea wakuu wake. Miezi kwa miezi swali lilikuwa nani mkubwa kwa nani. Maabara ya Gredi ya 8, ambayo haikuwepo, haikupata chama cha kuitetea.

Kuna mtu mwingine ambaye hajapata wa kumtetea, na kwangu yeye ndiye kipimo. Ni mwalimu wa BOM. Yule kijana, mara nyingi rika la wasomaji wa ukurasa huu, aliyemaliza chuo, hajaajiriwa na TSC, na anafundisha Mlimani kwa shilingi elfu chache ambazo wazazi wanachanga, zikichelewa zinachelewa. Shule zikiunganishwa, wakuu wawili wana TSC nyuma yao. Atakayekosa kiti atahamishwa na mshahara wake. Mwalimu wa BOM hana barua ya uhamisho kwa sababu hana barua yoyote inayojulikana Nairobi. Bodi iliyomwajiri imevunjwa, kwa hivyo hata wa kumfuta kazi hayupo. Anaamka Jumatatu, shule haipo.

Sijawahi kuona lango likifungwa kwa ajili yake. Wanaume wazima huacha ng'ombe malishoni kwenda kupigania cheo cha mtu ambaye mshahara wake hautapungua hata senti, huku aliyewafundisha watoto wao hesabu anabeba begi anaondoka kwa boda. Ukitaka kujua kama ugomvi ule ni wa haki au ni wa fahari, uliza jina lake kwenye grupu. Wengi watajibu "yule mwalimu wa sayansi".

Kwa hiyo ningekuwa na nafasi ya kuandika ajenda ya kikao kile chini ya mti, jina la mkuu lingekuwa la mwisho. La kwanza lingekuwa walimu wa BOM wa shule inayofungwa, kwamba nafasi zikitokea shule mpya waitwe wao kabla ya wengine, na malimbikizo yao yalipwe kabla akaunti ya Mlimani kufungwa. La pili ardhi, mbele ya familia ile, kwa maandishi. La tatu viti vya bodi na jina la shule. La nne daraja la kijito, maana watoto 90 watavuka hapo kila asubuhi na kwa sasa kuna magogo mawili tu. Yakiisha hayo, afisa afungue faili, asome jina, na aeleze kwa sauti ni kwa nini huyu na si yule, kwa lugha ambayo yule mama wa miaka 11 anaweza kuisikia bila kuona aibu mbele ya watu aliowafundisha. Kikao kitachukua siku nzima. Chai ipikwe.